Baraza la Hesabu: Fankisheni si Sherehe ya Harusi

Mwezi huu barua zimekuja za upande mmoja mpaka nikadhani mmepanga. Wa fomu tatu wameshafika kwenye zile mada ambazo kila mwaka hunijazia simu, fomyula, mifuatano ya namba, grafu na laini zake, na safari hii wazazi nao wameingia maji kuwafata. Haya, chai ishamiminwa, tuanze na mama.

Assalaam aleikum mwalimu. Mie ni mzazi, kijana wangu yuko fomu tatu, yeo kaja kaniambia ana mtihani wa fankisheni, mie nkamuuliza ya nani, yaoa nani? Kacheka mpaka kakaa tini. Halafu kanionesha kitabu, naona f kisha x imetiwa kwenye mabano, nkamwambia kwani hiyo si f mara x, kasema siyo mama, lakini ndia ya kunieleza hana. Nieleze wewe, na unieleze mie si yeye, manake nimechoka kuchekwa nyumbani mwangu.
Mama mzazi, Langoni, Amu

Aleikum salaam mama. Hilo la harusi si kosa lako, neno lenyewe ndo lina kosa, hapa kwetu mtu akisema Jumamosi nna fankisheni watu wanawaza biriani, nani atawaza hesabu. Na mtu akitaka kulitafsiri moja kwa moja anasema "kazi", ndo kabisa anaharibu, kazi gani? Mie huiita kanuni ya kuingiza na kutoa. Ukiipa hiki inakurudishia kile, na ukiipa hiki hiki tena kesho inakurudishia kile kile, haina siku imeamka vibaya.

Nenda kwa wauza boriti uwaambie wataka korija 3 za pau. Korija ni 20, wewe wajua na muuzaji ajua, kwa hivo utahesabiwa miti 60. Umeingiza 3, imetoka 60, na kanuni iliyo katikati ni "zidisha kwa 20". Kesho ukirudi na 3 yako ikatoka 58 utapiga kelele pale mpaka watu wakusanyike, na haki yako, manake hiyo si kanuni tena, ni wizi. Sasa kishule wanaiandika f(x) = 20x. Hiyo f ni jina tu la kanuni, ungetaka ungeiita korija, na kilicho ndani ya mabano ni kile unachoilisha. f(3) husomwa "f ya 3" na jibu lake ni 60. Hakuna kuzidisha f na kitu chochote, f siyo namba mama, ni kama jina la duka. Aliyetuletea maandishi haya ni Leonhard Euler, Mswisi, mwaka 1734, na mabano hayo hayo ndo tunayotumia kuzidishia, kwa hivo ulivochanganyikiwa wewe wamechanganyikiwa watoto wa dunia nzima toka hapo, kijana wako asikucheke sana.

Kuna sharti moja, na hapa ndo mtihani huwategea. Chukua watoto wote wa mtaa wako, kanuni iwe "mama aliyemzaa". Ukimtaja mtoto yoyote jibu ni moja, hakuna mtoto kazaliwa na mama wawili. Hiyo ni fankisheni. Watoto wanne wakiwa na mama mmoja haina neno, vitu vingi vinaweza kuingia vikatoka na jibu moja. Sasa igeuze, taja mama, nikupe mtoto. Yupi? Wewe mwenyewe huenda unao watano, nikutajie nani? Hiyo si fankisheni, kitu kimoja kimeingia na majibu matano yanagombania mlango. Kwenye grafu ndo ile wanaambiwa wapitishe rula wima, rula ikigusa mchoro mara mbili basi x moja ina y mbili, imefeli. Mwambie kijana akueleze ile ya rula, halafu wewe umwambie ya mama na watoto, uone nani atacheka.

Watakwambia pia domeni na renji. Domeni ni vitu vinavoruhusiwa kuingia, renji ni vile vinavotoka. Huwezi kununua korija toa 2, wala robo ya pau moja haiuzwi, kwa hivo domeni ya duka lile ina mipaka yake hata kama fomyula yenyewe haisemi. Watoto wengi wanaona f(x) = 20x wanadhani x yaweza kuwa chochote, kwenye karatasi sawa, dukani hapana.

Na huyo x, kabla sijakuacha. Neno aljebra limetoka kwa al-Khwarizmi, aliandika kitabu chake Baghdad kwenye miaka ya 820 hivi, na ndani kuna hilo neno al-jabr, kuunga kilichovunjika, Waarabu hulitumia hata kwa mfupa. Yeye hakuwa na x, hesabu zake zote ziliandikwa kwa maneno, na ile namba isiyojulikana waliiita shay, yaani kitu. Hizi x, y na z za kutafutwa zilikuja na René Descartes, Mfaransa, 1637. Kwa hivo ukiona f(x) soma "f ya kitu" na hiyo x utakuwa umeiita vile walivoiita wenyewe zamani.

Mwalimu, y = mx + c na f(x) = mx + c ni hesabu mbili au moja? Na c inafanya nini hapo?
Mwanafunzi, Mokowe

Moja. y ni jina la kilichotoka, f(x) ni jina hilo hilo ila linakukumbusha kimetoka kwa nani. Umeenda kuchapiwa barua, jamaa anataka 50 ya kufungua mashine na 10 kwa kila ukurasa, hiyo ni y = 10x + 50. Ile 10 ndo m, gradienti au mteremko, kila x ikiongezeka moja y inapanda ngapi. Ile 50 ndo c, unayolipa hata kama hujachapa ukurasa hata mmoja, na kwenye grafu ndo pale laini inapokata mhimili wa wima. Bas.

Shikamoo mwalimu. Sikwensi na siriizi zinatofautiana wapi? Na ile n toa 1 kwenye fomyula ya namba ya n inatoka wapi, mimi naikariri tu na kila nikifika mtihani nasahau kama ni toa au ongeza.
Mwanafunzi wa kike, Faza

Marahaba mwanangu. La kwanza ni jepesi. Namba zikipanga foleni kwa kanuni ni mfuatano, ndo hiyo sikwensi. Ukizitia alama ya kujumlisha katikati ukataka jumla yake, ishakuwa siriizi. Ukiweka akiba 50 wiki ya kwanza, 100 ya pili, 150 ya tatu, huo mfuatano, wiki ya 12 utaweka 600. Ukiuliza nna ngapi zote kwenye kopo hiyo siriizi, ya kwanza ongeza ya mwisho, zidisha kwa idadi, gawa kwa 2, yaani 650 mara 12 gawa 2, shilingi 3,900.

La n toa 1 nataka tukae nalo, manake lilinigharimu. Mwaka nilojenga ua wa nyuma nilipima mita 20, nguzo moja kila baada ya mita 2, nikafanya hesabu kichwani, 20 gawa 2 ni 10, nikanunua nguzo 10 nikampakia punda nikaenda zangu. Fundi akazisimamisha zote kisha akaniangalia. Nafasi ziko 10, nguzo zinatakiwa 11, kwa sababu ile ya kwanza kabisa haina nafasi nyuma yake. Mimi mwalimu wa hesabu nkarudi kununua nguzo moja, na nguzo moja haiuzwi kwa bei ya korija. Sasa kila nikiona n toa 1 naiona ile sura ya fundi.

Nyinyi huko Faza maji mnayajua. Tuseme yeo maji yamejaa saa 4:10 asubuhi. Kesho yatajaa saa 5:00, kesho kutwa 5:50, siku ya nne 6:40, kila siku yanachelewa kama dakika 50. Sababu ni mwezi, dunia ikimaliza kujizungusha mara moja mwezi nao ushasogea mbele kidogo, inabidi dunia izunguke zaidi ya hapo ndo iufikie. Huo ni mfuatano wa kuongeza, unaanzia 4:10 na tofauti yake ni 50. Siku ya 7 ni saa ngapi? Umeongeza 50 mara ngapi, 7? Hapana, siku ya kwanza hukuongeza kitu, ilikuwa ishafika yenyewe. Umeongeza mara 6, dakika 300, saa tano kamili, kwa hivo saa 9:10 alasiri. Ndo hivo, namba ya n ni ya kwanza ongeza (n − 1) mara tofauti, nguzo na nafasi. (Mzee wa bahari akisoma hapa atanirukia, ni kweli hiyo 50 ni ya wastani, wakati wa bamvua huchelewa kidogo na wakati wa maji mafu huchelewa zaidi, usiende kuvua kwa fomyula yangu.)

Kama umesoma jibu la mama wa Langoni utaona mfuatano ni fankisheni ile ile, ila hii inakula 1, 2, 3, 4 tu, yaani nafasi kwenye foleni. Unaipa 7 inakupa saa 9:10.

Kisha nikuonye kitu ambacho vitabu vingi hupita mbio. Wakikupa 1, 2, 4, 8, 16 wakakwambia taja inayofuata, mkono unakuwasha kuandika 32. Chukua karatasi uchore duara kubwa, weka vidoti ukingoni na uunganishe kila kidoti na kila kidoti kwa mstari, halafu uhesabu vipande vilivopatikana ndani. Kidoti 1 kipande 1, vidoti 2 vipande 2, vidoti 3 vipande 4, vidoti 4 vipande 8, vidoti 5 vipande 16. Weka cha sita, usikiweke sawasawa sana ili mistari mitatu isikutane pahali pamoja, uhesabu taratibu. 31. Nimefanya na watoto mara nyingi na kila mara kuna mmoja anaapa nimeficha kipande. Namba tano za mwanzo hazikuapishwa, lazima ujue kanuni imetoka wapi ndo uitabirie ya sita.

Mwalimu mie niko Malindi. Kuna biashara nimeingizwa na rafiki, unatoa elfu tatu, unaleta watu watano, nao kila mmoja analeta watano, unakula kwa kila ngazi. Wamenionesha hesabu imekaa vizuri sana. Mbona saa hii sipati hata mtu wa tatu? Ama nina mkosi?
Msomaji, Malindi

Huna mkosi dada, ama kaka, umekutana na mfuatano wa kuzidisha. Ile ya maji kujaa unaongeza kitu kile kile kila hatua, hii unazidisha kwa kitu kile kile, na tofauti yake mwanzoni haionekani, ndo maana hesabu yao ilikaa vizuri. 5, 25, 125, 625, hapo mtu anaona mtaa mmoja tu. Endelea nao. Ngazi ya 7 ni watu 78,125. Ngazi ya 8 ni 390,625, na sensa ya 2019 kaunti nzima ya Lamu ilihesabiwa watu 143,920, na watoto wa kunyonya wamo humo. Ngazi ya 11 inataka watu 48,828,125, na Kenya yote kwenye sensa ile ile ilikuwa watu 47,564,296. Yaani kabla hujafika ngazi ya 12 mmemaliza nchi, imebaki muingie baharini kusajili samaki.

Na angalia huu ubaya wake. Kwenye foleni kama hiyo ngazi ya mwisho peke yake huwa na watu wengi kuliko ngazi zote za juu yake ukizijumlisha. Ngazi 1 mpaka 6 jumla ni 19,530, ya 7 peke yake 78,125. Siku ikisimama, na lazima isimame, wengi wao ni wale waliotoa na hawajala. Wewe uko kati yao. Elfu tatu yako iombee dua, na rafiki yako usimgombeze sana, naye alioneshwa ngazi nne za mwanzo tu kama wewe.

Mwalimu, mimi mtunzi. Nimesikia kuna mfuatano 1, 1, 2, 3, 5, 8 una siri kubwa, kweli una uhusiano na mashairi?
Mtunzi, Shela

Siri hamna, kila namba ni jumla ya mbili zilizo nyuma yake. Umepewa jina la Fibonacci wa Pisa, aliuandika 1202 kwenye mfano wa sungura, na namba hizi za 1, 2, 3 zenyewe alifundishwa akiwa kijana huko Bugia, Algeria ya leo, ambako babake alikuwa na kazi upande wa wafanyabiashara. Lakini mashairi kweli yamo, Wahindi waliufikia kabla yake kwa kuhesabu mizani. Kwao kuna silabi fupi ya pigo 1 na ndefu ya mapigo 2, wakauliza mapigo 4 yaweza kujazwa kwa njia ngapi, ukihesabu ni 5, mapigo 5 ni njia 8, mapigo 6 njia 13, na foleni ikajitokeza yenyewe. Sisi silabi zetu zote zina uzito mmoja, ndo maana hesabu yetu imenyooka, beti ya utenzi vipande 4 vya mizani 8, beti n ni mizani 32n. Ukileta utenzi wa beti 100 nikapata mizani 3,197 ntajua kuna pahali umeteleza.

Kwa nini ile laini inayopitishwa katikati ya madoti ya data inaitwa ya rigresheni, na rigresheni nasikia ni kurudi nyuma? Laini yangu inapanda!
Mwanachuo, Mombasa

Jina lilikwama tu. Francis Galton, Muingereza, 1886 alitoa maandishi kuhusu urefu wa wazazi na wa watoto wao, akaona wazazi warefu sana huzaa watoto warefu lakini si kama wao, wanarudi rudi upande wa wastani, na wazazi wafupi sana vile vile. Huko kurudi ndo akakuita rigresheni, na laini aliyochora ikabeba jina, na kila laini iliyokuja baada yake. Yako ipande tu.

Mwalimu salaam. Mimi naendesha boti ya abiria Amu na Mokowe. Mwanangu alinipa daftari akaniambia baba andika, kila safari abiria wangapi na dakika ngapi. Nimeandika safari tano, abiria 4 dakika 21, abiria 8 dakika 22, abiria 12 dakika 26, abiria 16 dakika 27, abiria 20 dakika 29. Sasa anasema kuna laini inapita hapo. Mie naona madoti tu na hayajapangika. Laini gani hiyo isogusa hata doti moja, na nikiipata nifanye nayo nini? Tena nilijaribu kuchora kina cha maji kila saa pale gatini, nako laini haikai kabisa.
Nahodha, Amu

Nahodha, ungejua hii barua ilivonifurahisha. Daftari lako lina hesabu zaidi ya kurasa nyingi za kitabu.

Abiria waweke chini, dakika wima, tia madoti yako matano. Sasa chukua uzi wa kushonea uunyooshe juu ya karatasi, na usitafute kugusa madoti, tafuta upite katikati yao kama unavopita katikati ya miamba, usiisogelee hii ukaigonga ile. Kuna pahali pamoja lazima upite, kwenye wastani. Wastani wa abiria wako ni 12, wa dakika ni 25, piga pini hapo hata kama hakuna safari iliyokuwa hivo, halafu uzungushe uzi. Mimi kwa macho niliutoa doti la kwanza mpaka la mwisho, na wallahi ukapita pale pale kwenye pini, ukanipa y = 0.5x + 19. Nikaangalia nimekosea kiasi gani, safari ya kwanza sikukosa kitu, ya pili laini inasema 23 na wewe ulitumia 22, ya tatu inasema 25 wewe 26, ya nne na ya tano sawasawa. Ile tofauti iliyobaki kwa kila doti wanaiita baki. Ukijumlisha baki zangu unapata sifuri, moja toa moja, utadhani sikukosea popote, kwa hivo watu wakaamua kuzizidisha kila moja kwa yenyewe ndo wajumlishe, alama ya kutoa inapotea na kosa la 3 linahesabiwa 9, yaani laini inaogopa sana kulikosa doti moja kwa mbali. Jumla yangu ikawa 2.

Swali likawa, kuna laini yenye jumla ndogo kuliko zote? Ipo na ni moja tu. Adrien-Marie Legendre, Mfaransa, aliichapisha njia yake 1805, akaja Carl Friedrich Gauss, Mjerumani, 1809 akasema hiyo mie naitumia toka 1795, wakagombana. Yafanye hivi. Kila safari toa wastani, abiria wanakuwa −8, −4, 0, 4, 8 na dakika −4, −3, 1, 2, 4. Zidisha jozi kwa jozi, 32, 12, 0, 8, 32, jumla 84. Abiria zidisha kila moja kwa yenyewe, 64, 16, 0, 16, 64, jumla 160. 84 gawa 160 ni 0.525, huo ndo mteremko. Kisha 25 toa 0.525 mara 12, inabaki 18.7. Laini yako ni y = 0.525x + 18.7 na jumla ya baki zake, kila moja ikizidishwa kwa yenyewe, ni 1.9. Yangu ya uzi ilikuwa 2, kwa hivo jicho la baharia lilikosa kwa kidogo sana, na mwanafunzi anayetumia uzi vizuri asidharauliwe.

Inasema nini hiyo? Kila abiria mmoja anakula kama nusu dakika, na boti tupu ingechukua kama dakika 19, ingawa tupu hukuwahi kuipima, hiyo ni laini inasema si wewe. Ukipata abiria 10 weka 10 kwenye x, inatoka 23.95, mwambie mtu wa gari la Mokowe dakika 24. Hapo uko ndani ya namba zako, kati ya 4 na 20, laini ina haki ya kusema. Sasa tia 60. Itakujibu bila aibu, dakika 50. Laini haijui kuwa boti ishazama, yeye anaona namba tu. Hili usimwachie mwanao peke yake, kila siku naona watu wazima wanachukua laini ya miaka mitano wanaivuta mpaka miaka hamsini mbele na hakuna anayeuliza boti iko wapi.

La pili, angalia safari zenye abiria 20 ulizipiga saa ngapi. Kama ni jioni watu wakirudi, na jioni hizo maji yalikuwa yakipwa na wewe unapanda nayo kinyume, basi dakika zimeongezwa na maji na abiria wamesingiziwa. Vitu viwili kupanda pamoja si kusema kimoja kinamvuta mwenzake. Kaskazi likivuma watalii wanajaa Amu na maembe nayo yanaiva, hakuna mtu atasema embe ndo limempandisha Mzungu ndege. Mpaka hapo tunaita korelesheni, na sababu ni kesi nyengine.

Na kina cha maji, hukukosea kuchora, kitu chenyewe hakijanyooka. Maji yakijaa mita 3 kwa saa sita hayaji sawasawa, saa ya kwanza huja kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75, ya nne 75, ya tano 50, ya sita 25. Mabaharia huihesabu kwa sehemu ya 12, moja, mbili, tatu, tatu, mbili, moja. Ukilazimisha rula hapo utapata jibu, rula haikatai, ila katikati utakuwa umejidanganya kina na chombo kiko juu ya mchanga. Francis Anscombe 1973 alitengeneza makundi manne ya data, yote yanatoa laini ile ile moja, y = 0.5x + 3, ukiyachora moja limepinda kama upinde, jengine laini imevutwa na doti moja la kando, hayafanani hata kidogo. Chora kwanza, rula baadaye.

Safari tano ni chache nahodha. Niandikie nyengine kumi, na safari hii ongeza safu mbili kwenye daftari, maji yakijaa au yakipwa, na upepo wa wapi, na ukipata siku moja ya kwenda boti tupu ipime nayo pia, nataka kuiona hiyo 18.7.